Simba wa Kenya na Watu wa Kando ya Barabara

Joginder Singh alifia London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Hakufia garini. Hilo ndilo jambo la kwanza mashabiki wake watakuambia, tena kwa fahari, kama vile ni ushindi wake wa nne.

Nchi ilikuwa na msiba mwingine wakati huo. Westgate ilikuwa imeshambuliwa Septemba 21, hata mwezi haujaisha, na watu walikuwa bado wanazika. Kwa hivyo habari ya mzee mmoja kufariki ng'ambo ilipita haraka. Lakini kwenye magereji haikupita. Mafundi wa mtaani kwetu waliizungumzia kwa siku kadhaa, mikono ikiwa na grisi, kila mmoja na Joginder wake: huyu alimwona akivuka mto, yule alisukuma gari lake kwenye matope, mwingine alibebwa mabegani na babake na anachokumbuka ni vumbi tu.

Mimi nilizaliwa miaka mingi baada ya Joginder kuacha kushindana. Chuo niliacha katikati, na historia hii sikuipata darasani. Nimeiokota kwa wazee hao na kwenye magazeti ya zamani. Kilichonivuta ni swali moja: inakuwaje umpende hivyo mtu uliyemwona kwa sekunde tatu?

Hebu tuanze na mbio zenyewe. Safari Rally ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilikuwa mchezo wa masetla. Lakini haikukimbiwa uwanjani. Ilikimbiwa maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida, zenye ng'ombe, malori na baiskeli, wakati wa Pasaka, mvua zikianza. Hakuna tiketi. Ukitaka kuona, unatoka nyumbani unasimama kando ya barabara. Mchezo wa wakubwa ukawa unapita mlangoni pa kila mtu, na wakubwa wakikwama, wanaowatoa kwenye matope ni wanakijiji.

Pasaka ya 1965, miezi kumi na sita tu baada ya uhuru, Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda wakiwa na Volvo PV544 iliyokwishatumika. Pengo kati yao na wa pili lilizidi saa moja. Mtoto wa Kericho, Kalasinga mwenye kilemba, fundi wa magari, amewashinda wote. Akashinda tena 1974 na Mitsubishi Lancer ndogo ya 1600, nyuma yake akiwa Björn Waldegård na Porsche. Mwaka wa 1976 akarudia, na hakuna aliyekuwa ameshinda mara tatu kabla yake. Watu wakamwita Simba wa Kenya.

Lakini wazee wa gereji hawaanzi na ushindi. Wanaanza na hesabu nyingine: aliingia Safari mara 22, akafika mwisho mara 19. Ili uelewe uzito wake, kumbuka kwamba mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka na 7 pekee ndiyo yaliyomaliza. Mwaka wa 1968 pia yalimaliza 7. Kufika tu kulikuwa kazi. Joginder alifika kwa sababu alilijua gari kwa mikono yake kabla ya kulijua kwa usukani. Alisikia kitu kikilalamika mapema, akapunguza mwendo. Ukiwauliza mafundi kwa nini walimpenda, jibu lao ni rahisi: alikuwa mmoja wetu.

Sasa hapo kwa "mmoja wetu" ndipo stori inakuwa ngumu.

Mwaka wa 1967, kati ya ushindi wake wa kwanza na wa pili, Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara ambazo ziliwabana Waasia wasio raia. Maelfu walifunga maduka na kupanga foleni ya ndege. Uingereza nayo, Machi 1968, ikapitisha sheria ya kuwazuia, haraka haraka, ndani ya siku chache. Watu wakabaki hapo katikati na pasipoti ambazo hazikuwafungulia mlango wowote. Mwaka wa 1972 Amin akawafukuza Waasia Uganda. Shekhar Mehta, aliyezaliwa huko, akahamia Kenya, na 1973 akashinda Safari. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Yeye pia alifia London, Aprili 2006.

Kwa hivyo Pasaka umati unapiga kelele "Simba! Simba!", na Jumanne baada ya sikukuu duka la Mhindi wa mjini lina kufuli jipya na hakuna anayeuliza ameenda wapi. Nilimuuliza mzee mmoja kama waliyaona mambo haya mawili kwa pamoja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema Joginder walimwona akiwa na matope, lakini mwenye duka walimwona nyuma ya kaunta tu.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Sioni kama ni la kujitetea. Uzalendo wa kwanza wa watu hawa haukutoka kwa wanasiasa, ulitoka kwa kusukuma gari la mtu pamoja. Walimpa Joginder uraia wao kando ya barabara, bila fomu wala picha za pasipoti, miaka 52 kabla ya serikali kutangaza, Julai 2017, kwamba Wakenya wa asili ya Kiasia ni kabila la 44. Shida ni kwamba uraia huo ulitolewa kwa shujaa peke yake. Jirani wa kawaida, asiyeshinda chochote, hakupewa.

Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021, Naivasha, baada ya miaka 19. Vijana wa rika langu wanaenda na kupiga picha, na ni vizuri. Wazee nao wakimkumbuka Simba, waacheni waseme yote, hata wakitia chumvi kidogo. Ila tukimlilia, tuwakumbuke pia wale walioondoka kimya mwaka ule wa 1968, ambao hakuna mtu aliyesimama kando ya barabara kuwapungia mkono.