Wimbi Lisilotawanyika

Agosti 1834, kwenye mfereji wa Union karibu na Edinburgh, mhandisi John Scott Russell aliitazama mashua ikivutwa na farasi wawili. Mashua ilisimama ghafla, lakini maji yaliyokuwa mbele yake hayakusimama. Yalijikusanya yakawa kilima kimoja laini, urefu wake takriban mita 9, kimo chake chini ya nusu mita, kikaondoka mbio. Russell alikifuata akiwa juu ya farasi kwa zaidi ya kilomita moja, umbo lake likiwa lilelile.

Wakubwa wa hisabati, Airy na Stokes, walimtilia shaka. Kwa nadharia zao wimbi la namna hiyo lingetawanyika, au mgongo wake ungewahi mbele ukaporomoka. Miaka ya 1870 Boussinesq na Rayleigh walimtetea. Mwaka 1895 Korteweg na de Vries wa Uholanzi wakatoa mlinganyo unaoonyesha jinsi mielekeo hiyo miwili inavyozuiana. Huo msawazo ndio kiini cha habari yote hii.

Kisha jambo likalala, hadi kompyuta ilipokuja. Huko Los Alamos, Fermi, Pasta na Ulam walitaka kuona nishati ikisambaa katika mnyororo wa chembe. Ripoti yao ya 1955 ilieleza kwamba nishati ilirudi karibu ilikoanzia. Programu iliandikwa na Mary Tsingou, ambaye aliambulia neno la shukrani tu, na hiyo ni dhuluma. Mwaka 1965 Zabusky na Kruskal, wakieleza marejeo hayo kwa mlinganyo wa 1895, walilipa wimbi la Russell jina: solitoni. Mwaka 1983 Nesterenko, katika Umoja wa Kisovieti, aliliona katika hesabu za punje zinazogusana.

Ni nani angelitafuta ndani ya mpira, unaomeza mitikisiko? Mwaka 2016 kundi la Harvard lilichapa kwa silikoni vipande vyenye mikao miwili ya utulivu. Kila kimoja hualika kama mfuniko wa kopo ukibonyezwa, kikitoa nishati iliyowekwa ndani yake na kukisukuma cha jirani. Hivyo kinachomezwa hufidiwa njiani. Gharama yake ni kwamba lazima vitegwe upya. Baadaye walitumia vipande vya LEGO vyenye bawaba za plastiki nyembamba: mpigo mdogo hufifia, mkubwa hupita. Nayo roboti yao itambaayo ya springi laini, ya 2020, hujongea kwa solitoni zinazopita mwilini mwake.