Kutoka Mkataba wa Naivasha hadi Mvuke wa Olkaria: Karne ya Kesi Bondeni

Anayetaka kuzielewa kesi za biashara zinazotoka Naivasha na Olkaria aanzie Agosti 1904. Mwezi huo Kamishna wa serikali ya Uingereza, Sir Donald Stewart, alitiliana saini mkataba huko Naivasha na Olonana pamoja na wazee wenzake wa Kimaasai. Wamaasai wangewaachia walowezi wa Kizungu eneo hili la Bonde la Ufa, wahamie Laikipia na eneo la kusini, na wakae huko maadamu kabila lao lipo. Reli ilikuwa imekwisha kupita, na ardhi ya kando yake ilikuwa mali ya kutafutwa. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine. Wale wa Laikipia wakaambiwa wahame tena, safari hii kwenda kusini.

Baadhi yao, Ole Njogo akiwa wa kwanza kwenye orodha ya walalamikaji, walikwenda mahakamani. Dai lao lilikuwa la mkataba waziwazi: tulipatana mwaka 1904, tukatimiza upande wetu, waliotia saini mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kutufunga, tulipeni fidia, na ya mifugo tuliyoipoteza pia. Wakili yeyote wa mahakama za Milimani, Nairobi, leo angelitambua dai hilo mara moja. Mwaka 1913 Mahakama Kuu ililitupa, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikakubaliana nayo. Majaji hawakusema kwamba ahadi haikuvunjwa. Walisema Wamaasai ni watu wa kigeni walio chini ya ulinzi wa Mfalme wa Uingereza, kwa hiyo makubaliano yao na serikali ni mapatano ya dola na dola, ambayo mahakama haina uwezo wa kuyagusa. Wafugaji waliokuwa wakiondolewa kwa amri ya serikali walipewa hadhi ya dola mahali pekee ambapo hadhi hiyo ingewadhuru.

Hukumu hiyo naiona kuwa chanzo cha historia nzima, kwa sababu iliweka desturi ambayo haijatoweka: mtu hushindwa mlangoni kabla hajasikilizwa ndani.

Wafanyabiashara wa Mombasa na Nairobi hawakuwa na shida hiyo. Ukoloni uliwaletea Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, nayo ikatumika Kenya hadi 1961 ilipopokewa na sheria inayofuata kanuni za Kiingereza. Mwenye duka aliyekopesha magunia ya sukari asilipwe alijua pa kwenda na karatasi ya kubeba.

Mvuke wa ardhini wa kuzalishia umeme ulikuja baadaye. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa Olkaria katika miaka ya 1950, vikaachwa. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na kufikia 1985 kituo cha Olkaria I kilikuwa na megawati 45. Kuchimba kisima cha mvuke ni kazi ya pesa nyingi zinazozama ardhini kabla taa moja haijawaka. Zinahitajika mashine za kuchimbia, mabomba, wakandarasi, bima na mikopo ya nje, na kila kimoja kina mkataba wake. Bonde lilikuwa limeingia katika aina ya biashara ambayo mahakama za Kenya hazikuwa zimejiandaa kuiamua kwa haraka.

Wakati huo kesi ya benki ilipanga foleni moja na mauaji, mirathi na ugomvi wa mpaka wa shamba. Iliahirishwa, ikatajwa, ikaahirishwa tena, na jaji akihamishwa inaanza upya. Benki, wawekezaji na wafadhili wa mageuzi ya uchumi wakashinikiza, na eneo zima likafuata mkondo mmoja: Uganda ilianzisha mahakama yake ya biashara mwaka 1996, Kenya ikafungua kitengo cha biashara cha Mahakama Kuu huko Milimani mwaka 1997, Tanzania ikafuata mwaka 1999. Kiini cha mageuzi hayo kilikuwa jaji anayelishika faili tangu mwanzo, anayewalazimisha mawakili kuweka nyaraka na taarifa za mashahidi mezani mapema, na anayezijua hesabu za kampuni. Nayaheshimu mageuzi hayo kwa dhati. Deni lililokwama mahakamani miaka kumi ni mishahara ya watu iliyokwama nalo.

Lakini Katiba ya 2010 iliongeza milango mingine. Kifungu cha 162 kiliagiza ziundwe mahakama mbili zenye hadhi sawa na Mahakama Kuu, moja ya ajira na mahusiano ya kazi, nyingine ya mazingira na ardhi. Kwenye karatasi ni mpango safi. Kando ya Ziwa Naivasha hali haigawanyiki hivyo. Karuturi, kampuni kutoka India, ilinunua mashamba makubwa ya maua ya Sher mwaka 2007. Februari 2014 benki ya CfC Stanbic iliyaweka chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa mali za mdaiwa, kwa sababu ya deni. Maelfu ya wafanyakazi walitegemea maua yale. Ndani ya shamba mlikuwa na nyumba zao, shule na hospitali. Msiba ulikuwa mmoja, ila sheria inaukata vipande: deni la benki ni la Milimani, mshahara ni wa mahakama ya ajira, na ardhi iliyo chini ya maua ina mahakama yake. Mkata maua hana wakili hata mmoja, achilia mbali watatu.

Hata mawakili walipotea. Shamba likiwekwa rehani benki, ugomvi wake ni wa ardhi au wa biashara? Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa mjini Nakuru, katika rufaa ya Benki ya Ushirika, ilijibu kwamba rehani inahusu hesabu za mkopo wala si matumizi ya ardhi, kwa hiyo ni ya Mahakama Kuu. Jibu hilo liliwafaa sana mawakili. Hata hivyo, aliyekwisha kupeleka kesi upande mwingine alikuwa amepoteza muda ambao mnada hausubiri.

Pesa kubwa zaidi za mvuke hazipiti hata Milimani. Mfano uko Suswa, jirani ya Olkaria. Kampuni ya WalAm Energy ilipewa leseni ya mvuke mwaka 2007, na serikali ikaifuta mwaka 2012. Kampuni iliishtaki Kenya mbele ya kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, Washington. Kesi ilifunguliwa 2015, na Julai 2020 wasuluhishi wakaamua kwamba Kenya ilikuwa na haki. Nilifurahi kwa ushindi huo. Ila wenye malisho pale Suswa hawakuwa upande wowote wa kesi hiyo.

Wenzao wa Olkaria walipata mlango usiotarajiwa. Kwa ajili ya kituo cha umeme cha Olkaria IV, familia za Kimaasai zilihamishwa mwaka 2014 hadi makazi mapya ya RAPland, kwenye ekari takriban 1,700. Baadhi wakalalamika kwa wakopeshaji wenyewe, Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, kuhusu barabara, nyumba, hati miliki na mashauriano yaliyofanywa bila kujali vya kutosha lugha ya Kimaa. Upatanishi kati yao na KenGen, kampuni ya umeme yenye kituo hicho, ukazaa makubaliano mwaka 2016. Wajukuu wa waliofukuzwa mlangoni mwaka 1913 walisikilizwa na ofisi ya malalamiko ya mkopeshaji, kwa sababu tu mkopo ulitoka nje. Mtambo ukijengwa kwa pesa za ndani, ofisi hiyo haipo.

Mwaka huohuo wa 2016, Milimani ilianza kupeleka kesi za biashara kwa wapatanishi, na makubaliano ya wafanyabiashara wakishapatana husajiliwa kama amri ya mahakama. Asiyetii hukamatiwa mali. Makubaliano ya jamii na kampuni ya umeme yanastahili nguvu hiyohiyo, yasajiliwe Naivasha, mbele ya jaji anayeweza kusikiliza ardhi, mshahara na deni katika kikao kimoja, na mkalimani wa Kimaa akiwa ndani ya chumba tangu siku ya kwanza.