Misa Ndani ya Simu

Jirani zetu Wakatoliki hawakuogopa vyombo: Papa Pius wa 11 alifungua Redio Vatikano mwaka 1931, akisaidiwa na Marconi mwenyewe. Mwaka 2009 Vatikano ikaanza kuonyesha video katika YouTube, na mwaka uo huo waya wa Seacom, uliopitishwa chini ya bahari, ukafika Mombasa.

Ndipo Machi 2020 makanisa yetu yakafungwa kwa ajili ya korona. Tarehe 27, Papa Fransisko aliomba katika uwanja mtupu, mvua ikinyesha, watu wakimtazama kwa video. Misa ikaingia sebuleni. Lakini Ekaristi haipiti katika waya. Wakatoliki walihimizwa kusali komunyo ya kiroho, na sisi Waanglikana tuliijua njaa iyo hiyo.

Milango ilipofunguliwa Julai, serikali iliruhusu watu 100 tu kwa ibada ya saa moja, wenye miaka 13 hadi 58. Basi vijana, mafundi wa simu, wakaketi kanisani. Nyanya wa shambani, asiye na simu ya kisasa wala pesa za intaneti, ndiye aliyeambiwa atazame video.