Mita ya pH Isiposetiwa, Ziwa Linasingiziwa

Wasee wa Dunga na Usoma, hii ni yetu. Mwaka 1909 Sørensen, mkemia wa maabara ya Carlsberg, wale wa bia kule Copenhagen, alitoa skeli ya pH pamoja na bafa, yaani myeyusho wa kulinganishia. Mwaka 1934 Beckman akaunda mita ya umeme Marekani, kupima ukali wa maji ya ndimu.

Leo mita imefika hadi kwenye vizimba vyetu vya samaki, lakini bafa tumeiacha dukani. Hatua moja ya pH ni mara 10! Na pH ikipanda, amonia inazidi kuwa sumu kwa samaki.

Kwa hivyo kabla ulaumu ziwa, chovya mita kwenye bafa ya 7, suuza, kisha ya 10. Mita bila bafa ni mizani bila mawe.