Kocha aliyezunguka na kengele bwenini

Juzi usiku badala ya kupiga msuli wa testi nikajikuta nimezama kwenye historia ya timu moja ya futiboli ya Kimarekani. Najua mtauliza ule mchezo wa kuvaa helmeti na kugongana unatuhusu nini sisi. Subirini, hii ni habari ya ualimu.

Chuo chenyewe ni Grambling State, kipo kaskazini mwa Louisiana. Kilianzishwa 1901 kwa ajili ya watu weusi, enzi ambazo vyuo vya wazungu kule Kusini viliwafungia milango. Mwaka 1941 kikamwajiri kocha wa miaka 22, Eddie Robinson, kwa dola 63.75 kwa mwezi. Jamaa alikuwa kila kitu: anafyeka nyasi za uwanja, anawafunga wachezaji bandeji, anaandika mwenyewe habari za mechi za kupeleka magazetini. Wakisafiri aliwatengenezea mikate, maana migahawa ya njiani haikuhudumia weusi.

Msimu wa kwanza walishinda mechi 3, wakapigwa 5. Uliofuata, 1942, wakashinda zote 9 na hakuna aliyewafunga hata pointi moja!

Mwaka 1949 kijana wake, Tank Younger, akawa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha weusi kuingia NFL. Nyuma yake wakapita zaidi ya 200. Mnaambiwa sana habari za Doug Williams, na ni haki yake. Kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi, na wengi waliamini mtu mweusi hana akili ya kazi hiyo. Januari 1988 Williams akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza kwenye Super Bowl. Washington wakaichapa Denver 42-10, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mechi.

Robinson alistaafu 1997 akiwa ameshinda mechi 408, amepoteza 165, sare 15. Alifariki 2007.

Ila kilichonikosesha usingizi si hizo 408. Ni kwamba asubuhi alikuwa anazunguka bwenini na kengele, anawaamsha wachezaji waende darasani. Darasani jamani, siyo mazoezini!

Historia haikuishia kwa shangwe. Vyuo vikubwa vya wazungu vilipoanza kuwachukua vijana weusi, kuelekea miaka ya 1970, vipaji vikahamia huko kwenye pesa. Milango iliyofunguliwa na watu kama Robinson ikawapitisha vijana kwingine. Oktoba 2013 wachezaji wa Grambling waligoma kwenda kucheza na Jackson State, wakilalamikia ukungu kwenye vyumba vyao vya michezo na safari ndefu za basi. Mechi ikahesabiwa wamepoteza.

Sasa niseme ukweli wangu. Mimi niliomba ualimu kwa sababu ya mkopo, na najua siko peke yangu hapa kampasi. Nilikuwa nahesabu miaka iliyobaki niondoke nikatafute kazi nyingine. Huyu mzee alikaa sehemu moja zaidi ya nusu karne, akianza kwa mshahara mdogo.

Sijaamua kitu bado. Ila mwezi ujao naenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na nitajitahidi kuwahi darasani kabla ya wanafunzi wangu.

Haya, ngoja niurudie msuli nisije nikadisko. Tuko pamoja!