Mpira wa hewa wa injini ukipasuka: Dalili, hatari na cha kufanya

Gari linawaka vizuri asubuhi, lakini kwenye foleni injini inatetemeka. Ukikanyaga mafuta linachelewa kuitikia, na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Fundi wa kwanza anabadilisha plagi. Wa pili anasema sensa imekufa. Pesa imeshatoka na tatizo liko palepale.

Kabla ya kununua spea nyingine, fungua boneti uangalie mpira mweusi unaotoka kwenye boksi la filta ya hewa kuelekea kwenye injini. Ukiwa na mpasuko, au boksi lenyewe likiwa na ufa, unaweza kuzunguka gereji zote bila kupona.

Na kuna jambo kubwa zaidi ya gari kukosa nguvu: vumbi. Mpira ni spea ya bei ndogo, lakini vumbi linalopita kwenye mpasuko wake linaweza kuisaga injini nzima.

Hewa inapita wapi?

Injini ya petroli inahitaji hewa nyingi kuliko mafuta. Kwa kila kilo 1 ya petroli, inatakiwa kuvuta takriban kilo 14.7 za hewa ili mafuta yaungue vizuri.

Hewa hiyo inaingia kwenye boksi, inachujwa na filta, kisha kwenye magari mengi inapita kwenye sensa ya hewa, ile ambayo mafundi huiita MAF. Sensa inapima hewa iliyoingia na kuiambia kompyuta ya gari imwage mafuta kiasi gani. Baada ya hapo hewa inapita kwenye mpira wenye mikunjo hadi kwenye throto, kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta.

Swali la kwanza: mpasuko uko wapi?

Si kila mpasuko una madhara sawa.

- Kabla ya filta: Hewa bado itachujwa, kwa hiyo hatari ya vumbi ni ndogo. Utasikia mvumo zaidi, na injini inaweza kuvuta hewa ya moto. Lakini kama bomba la kuvutia hewa limekatika na mdomo umeshuka chini, ukipita kwenye maji mengi injini inaweza kuyanywa.

- Kati ya filta na sensa: Hapa ndipo ufa wa boksi hudanganya watu. Sensa inapima hewa kama kawaida, gari linatembea vizuri, taa haiwaki. Kumbe vumbi linaingia moja kwa moja.

- Baada ya sensa: Inaingia hewa ambayo haikupimwa. Kompyuta inamwaga mafuta kidogo kuliko yanayohitajika, injini inatetemeka na kumisi. Na vumbi linaingia pia.

Yapo magari yasiyotumia MAF, yanapima mgandamizo wa hewa baada ya throto. Kwenye magari hayo mpira unaweza kupasuka na dereva asione dalili yoyote. Kwa hiyo gari kutembea fresh si ushahidi kwamba mpira ni mzima.

Dalili za kuangalia

- Injini inapanda na kushuka gari likiwa limesimama, au linazima ukiachia mafuta
- Gari linasita ukikanyaga mafuta, hasa wakati wa kuondoka
- Sauti ya "sss" au mluzi kutoka chini ya boneti
- Taa ya injini imewaka, na mashine ya kupimia inaonyesha kodi P0171, au P0174 kwa injini za V. Kodi hizi zina maana kwamba hewa ni nyingi kuliko mafuta
- Kwa dizeli yenye turbo, moshi mweusi na gari kukosa nguvu mlimani, kama mpira wa baada ya turbo ndio uliopasuka

Kodi P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema uwiano wa hewa na mafuta haupo sawa. Pampu dhaifu au nozeli chafu zinaweza kuileta pia, lakini kukagua mpira ni bure, hivyo ndiyo hatua ya kwanza.

Vumbi linafanya nini ndani?

Vumbi la barabarani lina chembe ngumu za mchanga. Zikiingia kwenye silinda zinakuwa kama msasa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Nyingine zinachanganyika na oili na kwenda kula sehemu nyingine.

Matokeo hayaji siku hiyohiyo. Yanakuja taratibu: oili inapungua bila kuvuja popote, moshi wa bluu unaanza, nguvu inashuka. Ukifika hapo mazungumzo si ya mpira tena, ni ya kufungua injini.

Kwa dizeli zenye turbo hali ni mbaya zaidi. Turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mapanga yake ndiyo yanayokutana na mchanga kwanza.

Kwa nini unapasuka?

Sababu kubwa ni joto na umri. Mpira unakauka, unakuwa mgumu, kisha unachanika kwenye mikunjo. Mvuke wa oili kutoka kwenye injini nao unaulegeza.

Sababu nyingine ni hizi:

- Mauntini za injini zimekufa. Injini inacheza na kuvuta mpira kila gari linapoondoka. Ukibadilisha mpira bila kugusa mauntini, mpya nao utachanika.
- Fundi aliuvuta kwa nguvu bila kulegeza klipu, au alikaza klipu kupita kiasi.
- Vibanio vya boksi vimevunjika na mfuniko umefungwa kwa waya. Mfuniko ukikaa upande, hewa inapita pembeni ya filta.
- Panya wametafuna.

Jinsi ya kukagua mwenyewe

Zima injini na uiache ipoe. Fuata bomba kuanzia kwenye boksi hadi kwenye throto. Kunja mpira kwa mkono na uangalie ndani ya kila mkunjo, hasa upande wa chini, kwa sababu mpasuko mwingi hauonekani mpaka mpira uvutwe. Tikisa kila klipu. Angalia na mipira midogo iliyochomekwa pembeni.

Kisha legeza klipu, toa mpira na upitishe kitambaa cheupe ndani yake, upande wa baada ya filta. Oili kidogo ni kawaida. Kikitoka na vumbi au mchanga, kuna mahali hewa inapita bila kuchujwa.

Usipulizie petroli au dawa inayowaka moto ili kutafuta panapovuja. Injini ikiwa ya moto, cheche moja inatosha kuunguza gari. Kama hupaoni, tafuta gereji yenye mashine ya moshi. Inasukuma moshi ndani ya njia ya hewa, na unatokea palipo na tundu.

Ukiharibikiwa njiani

Kama mpira umechomoka, gari lenye MAF linaweza kuwaka na kuzima papo hapo. Urudishe, kaza klipu, utaendelea na safari.

Kama umepasuka, futa oili na vumbi mpaka pakauke, kisha zungusha tepu ya umeme mara kadhaa huku ukiivuta. Izungushe nje tu. Kipande kikiachia ndani kitavutwa kuelekea kwenye injini. Endesha taratibu na epuka barabara ya vumbi.

Tepu ni ya kukufikisha nyumbani au gereji. Joto linalegeza gundi yake, na ikiachia huwezi kujua mpaka injini ianze tena kutetemeka.

Kwa mpira wa baada ya turbo, tepu haisaidii sana kwa sababu hewa pale inasukumwa kwa presha.

Na kama injini imekunywa maji, usijaribu kuwasha tena. Maji hayabonyei kama hewa, na pistoni ikiyagonga inaweza kupinda mkono wake. Vuta gari hadi kwa fundi atoe maji kwanza.

Kuziba au kubadilisha?

Mpira uliochanika kwenye mikunjo ubadilishwe. Gundi haishiki vizuri kwenye mpira wenye oili unaotikiswa muda wote, na baadhi ya silikoni hutoa mvuke unaoharibu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi.

Boksi la plastiki linaweza kuchomelewa kama ufa uko mbali na ukingo wa filta, na mabaki yote yakatolewa. Kama ukingo umepinda, au ni sehemu inayoshika sensa, tafuta boksi lingine.

Unapokwenda kununua

Iwe ni Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, nenda na mpira wa zamani mkononi pamoja na namba ya chasisi. Mipira ya magari mawili inaweza kufanana kwa macho lakini ikatofautiana kipenyo au idadi ya matundu ya mipira midogo.

Ukichagua used, ukunje mbele ya muuzaji na uangalie kila mkunjo. Uliokauka na kuonyesha mistari, uache.

Kwa boksi, hakikisha sehemu inayokaa sensa ina kipenyo kilekile. Ikiwa pana au nyembamba zaidi, sensa itatoa hesabu ya uongo hata kama ni nzima.

Baada ya kubadilisha

Weka filta mpya, safisha ndani ya boksi, na mwambie fundi afute kodi kwenye kompyuta. Sensa isafishwe kwa dawa yake maalumu, isiguswe kwa kitambaa wala kidole.

Kama gari lilitembea muda mrefu likiwa na mpasuko, badilisha oili na filta yake, kisha fuatilia kijiti cha oili kila wiki. Ikiendelea kupungua, omba upimiwe kompresheni ya silinda zote. Hapo utajua kama vumbi limeishia kwenye mpira au limeshafika kwenye pistoni.