Barua za 1963 na Mahakama ya Kadhi: Yatuhusu Nini Sisi wa Kisii na Nyamira?

Ukisikia Mahakama ya Kadhi, fikra huenda Mombasa, Malindi na Lamu. Huku Kisii na Nyamira Sultani wa Zanzibar hakutawala hata siku moja. Basi vipi ndoa, talaka na mirathi zetu nazo zaenda kwa Kadhi?

Tarehe 14 Disemba 1895, Sultani Hamed bin Thuwaini alifunga mkataba na Uingereza. Waingereza wakauendesha ukanda wa Pwani wa maili kumi kwa jina lake. Lakini ofisi za Liwali, Mudir na Kadhi ziliendelea, na Waislamu wakawa wanasikizwa kesi zao kila siku.

Hilo lilikuja kusaidia. Mwaka 1961, Sir James Robertson alitumwa kuchunguza mustakabali wa ukanda huo. Alipendekeza uunganishwe na Kenya, lakini Kadhi alindwe. Kumbe ofisi inayofanya kazi ina uzito kwenye meza ya mkataba! Tarehe 5 Oktoba 1963, mawaziri wakuu Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Zanzibar wakaandikiana barua: uhuru wa dini, mamlaka ya Kadhi, masomo ya Kiarabu na hati za ardhi vihifadhiwe. Siku tatu baadaye mkataba ukatiwa saini London.

Januari 1964, serikali ya Sultani ikapinduliwa. Mmoja wa waliotia saini hayuko tena! Lakini Kadhi alishaingia kwenye katiba ya Kenya, akabaki. Kisha sheria ya 1967 ikazivusha mahakama hizi nje ya Pwani mpaka Nyanza, ndipo nasi tukafikiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, ikazithibitisha.

Vijana wenzangu, haki hii ilidumu kwa sababu kulikuwa na ofisi, daftari na maandishi. Allah (s.w.) katika Suratul Baqara, aya ya 282, ametuamrisha kuandika hata madeni. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo yataka ndoa za Kiislamu zisajiliwe. Sasa tujiulize: ndoa ngapi zafungwa na cheti hakichukuliwi? Mume akifariki, mjane atasimama na nini mbele ya Kadhi?

Ramadhani hii, mbali na futari na tarawehe, kila nyumba iulizane: cheti kiko wapi? Kama hakipo, muone imamu wako kabla ya Idd.

Wabillahi tawfiq.